Siku Mzee Ng'wandu Alipofunga Kituo cha Dutwa

Mwangaluka, yaani mmeamkaje, ninyi mnaokalia viti vyenye magurudumu. Mimi kazi hii niliianza nikikalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, na kompyuta ndiyo iliyokalia kiti. Kiti kilikuwa kimoja tu. Fundi aliniambia mashine ikianguka haitapona, ila mimi nikianguka nitainuka. Alisema kweli, maana nilianguka mara nyingi.

Naitwa Minza. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kompyuta kwenye kampuni moja ya pamba pale Bariadi. Ukiacha kufuta vumbi na kufukuza mijusi kwenye nyaya, kazi yangu kubwa ilikuwa kupanga nani afungue nini ndani ya mfumo, na nani asifungue. Sasa nimestaafu, nalima mpunga wangu mdogo, lakini kila nikikutana na kijana wa kompyuta mjini ananiuliza: "Shangazi, mliwezaje enzi zile bila hata kozi?" Tulikosea, wanangu. Kozi ilikuwa hiyo hiyo.

Shuleni niliishia kidato cha nne, na cheti changu ni cha kuweka chini kabisa ya sanduku. Kampuni waliniajiri kupiga chapa barua na kuchemsha chai. Ila nilikuwa na ndoto nyingi kuliko cheti. Nikipiga chapa barua ya kuagiza magunia, kichwani niko mbali, naona siku ambayo mkulima wa Mwanhuzi atafungua mashine na kukuta jina lake humo, limeandikwa vizuri. Wenzangu walikuwa wananiita Minza wa Mawinguni. Sikukasirika. Mawinguni ndiko mvua inakotoka.

Wakati huo Bariadi ilikuwa bado Shinyanga, mkoa wa Simiyu haujazaliwa. Soko huria lilikuwa limeingia kwenye pamba. Ushirika haukuwa peke yake tena, na kila kwenye njia panda kulikuwa na bango la kampuni na mzani wake. Mkulima akitoka Dutwa na furushi kwenye baiskeli anaitwa upande huu, anaitwa upande ule, kama binti mwenye posa mbili. Kituo chenu kikifungwa saa moja tu, jirani amechukua pamba yote na shukrani juu. Hilo lishikeni, litahitajika.

Kampuni ikaleta mfumo mpya, wa kufungua kwenye brauza. Kila kituo kikapewa kompyuta moja. Pale Dutwa modemu ilifungwa juu ya mlingoti mrefu ili ipate mtandao, waya ukateremka kupitia dirishani, na mbuzi mmoja akaupenda sana ule waya. Mkaguzi wa pamba akishaangalia mzigo, anaandika humo kama ni pamba safi au fifi, ile ya daraja la chini. Msimamizi wa kituo anathibitisha. Meneja, aliyekaa Bariadi, ndiye pekee aliyeweza kufungua kituo au kukifunga.

Aliyekuja kunifundisha ni kijana wa Kihaya kutoka ofisi kubwa ya Mwanza, jina lake Respicius, sisi tukamwita Respi. Alikuja na viatu vinavyong'aa kwenye tope letu jeusi la masika, na siku ya pili akaomba ndala. Alinionyesha seva moja iliyokuwa na majina ya wafanyakazi wote. Yeye aliiita dairektori, mimi nikaiita daftari la majina, na mpaka leo sijui kwa nini isiitwe hivyo. Ndani ya daftari, watu wamepangwa kwenye makundi.

"Sasa Minza," akasema, "ninyi Wasukuma mna vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu, si ndiyo?"

"Ndiyo. Kwetu Bagalu."

"Mtu akiingia uwanjani na chatu shingoni, mnamuuliza jina la baba yake?"

"Tunamuuliza ni wa ngoma gani."

"Basi na mfumo ni hivyo hivyo. Haumjui Minza. Unaliuliza daftari, Minza yuko kundi gani? Daftari linajibu. Halafu mfumo unaangalia kwenye jedwali lake, kundi hili limeruhusiwa nini? Kazi yako ni kuunganisha hayo mawili tu. Kundi huku, ruhusa kule."

"Na mtu mwenyewe?"

"Mtu mwenyewe usimpe kitu mkononi. Lipe kundi."

Nilicheka, nikaona ni uchoyo. Sikujua kwamba mwaka uliotangulia, kwa mikono yangu, nilikuwa nimeshaonyesha kwa nini.

Maana kabla ya daftari lile tulikuwa na mfumo wa zamani wa mtandaoni, wa kusoma taarifa za vituo, na humo nilimpa kila mtu ruhusa zake, mmoja mmoja, kama mama anayegawa viazi. Kulikuwa na karani wetu wa Mwanhuzi aliyeacha kazi akahamia Lamadi kuuza dagaa. Siku moja nimekwenda Lamadi kununua samaki, nikamkuta sokoni, mikono yote magamba. Hata salamu hatujamaliza, akaniuliza: "Minza, mbona jana Mwanhuzi mizigo miwili imeandikwa fifi?"

"Wewe umejuaje?"

"Huwa nafungua pale kwenye kibanda cha intaneti. Nikiwakumbuka."

Nilitaka kucheka, nikataka kulia. Mtu yuko na dagaa wake kando ya ziwa, anafungua kurasa za kampuni kama anayefungua picha za harusi. Nilimfuta siku ile ile, na roho iliniuma. Kwa makundi isingetokea. Mtu akiondoka unamtoa kwenye kundi, na milango yote inajifunga nyuma yake.

Na jingine, kabla sijafika Dutwa. Kwetu kila nyumba ya tatu ina mapacha, Kulwa na Doto. Niliambiwa nimwingize Kulwa kwenye kundi la wasimamizi, nikamwingiza Kulwa wa jenereta badala ya Kulwa wa mizani. Kwa siku mbili yule wa jenereta alithibitisha mizigo, tena kwa bidii, akasema ofisini kuna watu wanaona vipaji. Kumtoa ilibidi ninunue soda. Tangu hapo nikawa naangalia namba ya kazi kwanza, jina baadaye. Fanyeni hivyo hivyo, mtaokoa soda.

Sasa Mzee Ng'wandu.

Alikuwa mkaguzi wa pamba Dutwa, mtu aliyeanza kazi hiyo tangu enzi za ushirika. Mrefu, mkimya, kofia haimtoki kichwani. Wengine walikagua kwa macho, yeye alikagua kwa meno. Alikuwa anachomoa mbegu katikati ya furushi, anaitia mdomoni na kuibana. Ikipasuka kwa mlio, pamba ni kavu. Ikibonyea kimya, ina maji. Maana soko huria lilileta na ujanja wake. Watu walikuwa wanaanika pamba kwenye umande ili iwe nzito, na kampuni kwa kugombania wakulima zilifumba macho. Mzee hakufumba. Wakulima walimlalamikia, na bado walimsalimia kwanza kabla ya yeyote.

Nilipomaliza kupanga makundi nilijiona nimejenga mji. Nikachora kwenye karatasi kubwa, kwa kalamu za rangi, Mameneja juu, chini yao Wasimamizi, chini yao Wakaguzi, na majina ya watu ndani ya visanduku. Nikaibandika kwenye ubao wa matangazo kwenye korido. Watu wakaja kuangalia kama matokeo ya mtihani.

Dereva mmoja akaanza: "Hee! Mzee Ng'wandu kakaa chini ya Shija! Shija, kamtume mzee akuletee maji!"

Shija alikuwa msimamizi wa Dutwa, kijana wa umri wa mjukuu wake. Masikini, aliona aibu mpaka akatoka nje. Mzee mwenyewe alikuwepo, alikuja Bariadi kuchukua fomu. Aliiangalia karatasi kwa muda mrefu, halafu akaja kwenye mlango wangu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, guku." Mayu ni mama, na guku kwetu ndiye babu, hata kama hamjazaliwa ukoo mmoja.

"Nimeona mchoro wako. Una rangi nzuri."

Akaondoka. Angenigombeza ningelala usingizi. Lakini kunisifia rangi!

Nilikaa na hilo siku nzima. Moyo wangu ni wa kuyeyuka haraka, nakiri. Nikawaza, kwenye arusi wazee si wanakaa mbele? Na hawapiki, hawagawi chakula, hawaendeshi chochote. Wanakaa mbele tu, na kila mtu anaridhika. Basi nikatengeneza kundi jipya kwenye daftari, nikaliita Wazee wa Heshima, nikamwingiza Mzee Ng'wandu. Na hilo kundi nikalitia ndani ya kundi la Mameneja, ili kwenye mchoro litokee juu. Nikaingia kwenye mfumo kwa jina langu kuangalia kama kuna kilichoharibika. Kila kitu sawa. Nikachora upya, nikabandika. Nililala kama mtoto.

Hapo makosa ni mawili, na mimi leo nayaona kama ninavyoona mpunga ulioota magugu. La kwanza, kundi likiwa ndani ya kundi, watu wake wanarithi yote. Mfumo ukiliuliza daftari, Ng'wandu ni nani, daftari linajibu, ni mkaguzi, na pia ni meneja. Mfumo haujui habari za arusi. La pili, nilijaribu kwa jina langu. Mimi kama mtunza mfumo nilikuwa naviona vitufe vyote, ningeona nini kilichobadilika? Ukitaka kujua mlango wa mtu umekaaje, kaa kwenye kiti chake.

Wiki ile msimu ukafunguka.

Asubuhi, kabla chai haijachemka, simu ikalia. Shija.

"Dada Minza, kituo kimefungwa!"

"Kimefungwa vipi?"

"Kwenye mashine! Inaandika kituo kimefungwa, stakabadhi haitoki, hakuna kinachoendelea. Mikokoteni imejaa mpaka barabarani. Na hawa wa kampuni ya ng'ambo wameshaleta kipaza sauti, wanawaita watu wetu kwa majina!" Nilikisikia hicho kipaza sauti ndani ya simu. Kilikuwa kinamwita mtu aje, hapa hatubagui pamba.

Meneja akatoka ofisini mbio. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, na siku hiyo ilikuwa kubwa zaidi. "Nani kafunga Dutwa?"

Nikafungua ukurasa. Umeandika: Kimefungwa na Mameneja. Jina la mtu halikutokea pale, lilitokea kundi tu. Kundi la Mameneja kwa Bariadi tulilihesabu kuwa la mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amesimama nyuma yangu na jasho usoni.

"Mimi sijafunga kitu," akasema, akaisogelea simu. "Shija, nani alikuwa kwenye mashine?"

Shija akashusha sauti. "Mzee Ng'wandu, bosi. Ametoka kukagua mkokoteni, akakaa, akabonyeza, akainuka. Akaniambia leo hatununui, pamba imelala kwenye maji."

Meneja akarudi ofisini kwake, akainua kalenda ya mezani. Chini yake, kwenye karatasi ndogo, lilikuwa neno lake la siri, kwa mwandiko mzuri. Akaiangalia kama mtu aliyekuta alama za mwizi.

"Siku ile ya fomu alikaa humu kunisubiri," akasema taratibu. "Mzee mzima. Ameniibia neno la siri."

Mimi nilishajua. Jina la aliyebonyeza lilikuwa limeandikwa ndani kabisa, kwenye kumbukumbu za seva, na wa kuzisoma tulikuwa wawili, mimi na Respi. Hakutumia neno la mtu. Aliingia kwa jina lake, kupitia mlango niliompa mimi.

Nikampigia Respi nikiwa nimejifungia kwenye chumba cha seva. Nikamweleza yote, hata arusi.

Akavuta pumzi. "Litoe hilo kundi sasa hivi. Meneja akifungue kituo."

"Halafu?"

"Halafu hakuna kitakachoonekana. Kundi litakuwa limekwenda."

"Na mzee?"

"Minza, kama fundi nimeshamaliza kusema. Kama kaka yako, sikuchagulii."

Nikalitoa. Kituo kikafunguliwa, Dutwa ikaanza kupokea watu waliobaki. Kisha Meneja akaniita. "Mzee anakuja na basi la mchana. Piga chapa barua ya kumwachisha kazi. Sababu, wizi wa neno la siri."

Na mimi, wanangu, niliipiga. Siwafichi. Vidole vilikwenda vyenyewe, vilizoea kutii. Neno wizi lina herufi nne tu, lakini nilikaa nalo kuliko barua nzima. Nikajiambia atapata kazi kwingine, makampuni ni mengi. Halafu nikajiuliza, nani atamchukua mzee mwenye barua hii? Na Dutwa nzima itajua kabla jua halijazama. Mtu anayetafuna mbegu za wenzake kutafuta uongo, aitwe mwizi.

Alifika mchana. Alivua kofia mlangoni kwa Meneja, na hapo ndipo nilipoona kichwa chake kwa mara ya kwanza, nywele zote nyeupe. Mkononi alishika kitambaa kilichofungwa fundo. Nilisimama pembeni na barua.

"Mzee," Meneja akasema, na sauti kubwa haikuwepo tena, jambo lililonitisha zaidi, "neno langu la siri ulilipata wapi?"

"Neno gani?"

"La kufungia kituo."

"Mimi natumia neno langu. Jina la dume langu la kwanza la ng'ombe, hata mke wangu hajawahi kuambiwa." Akaonekana kuwaza kama alitaje, nikamwomba Mungu asilitaje. "Nilifungua asubuhi nikakuta kitufe kipya. Funga Kituo. Nikasema, kumbe kampuni imekumbuka. Enzi zetu ufunguo wa ghala nilikaa nao mimi. Pamba ikija na maji, nafunga, watu wanakwenda kuanika, kesho wanarudi. Leo mikokoteni mitano ya kwanza yote maji. Nikafunga."

"Hukuona ajabu?"

"Niliona heshima."

Meneja akatikisa kichwa. "Kitufe hicho ni changu peke yangu. Hakiwezi kutokea kwako."

"Basi kilipotea njia kikanifikia," Mzee akasema, na akaniangalia. Mara moja tu, kisha akaangalia sakafu. Alikuwa amejua. Alipopita korido alishauona mchoro wangu wa pili, jina lake liko juu, kwa rangi nyekundu. Angeweza kunitaja. Badala yake akasubiri, kama mtu anayemngoja mtoto amalize kuvaa.

"Vitufe havipotei njia, mzee," Meneja akasema. "Minza, lete barua."

"Havipotei njia," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Mimi ndiye niliyekipeleka."

Meneja akanigeukia.

"Ulikipeleka?"

"Nilimtia kwenye kundi lako. Hakuiba neno. Kumbukumbu ninazo, nitakuonyesha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa chini ya Shija kwenye ubao."

"Ubao gani?"

"Wa korido."

Meneja akatoka kwenda kuangalia ubao. Kweli akatoka! Tukabaki mimi na Mzee. Meneja akarudi, akakaa, akafunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, lakini siyo kicheko cha kumpa mtu matumaini.

"Wazee wa Heshima," akasema. "Na rangi nyekundu." Kisha akamgeukia Mzee. "Hiyo ni nini?"

Mzee akafungua fundo. Konzi ya pamba. "Ya mkokoteni wa kwanza. Tafuna mbegu."

Nilidhani atakataa. Meneja, na tai yake, akachomoa mbegu, akaitia mdomoni, akabana. Tukasikiliza wote watatu. Kimya. Hakuna mlio.

"Hii ingeingia kwenye mashine ya kuchambua," akasema polepole.

"Ingeziba meno yake," Mzee akajibu. "Ungesimamisha kiwanda, siyo kituo."

Meneja akatema mbegu kwenye kiganja, akaiangalia muda. Halafu akaninyooshea mkono, nikampa barua. Akaisoma mpaka mwisho, na alipofika kwenye lile neno akapiga mstari juu yake, tena na tena, mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

"Mzee, nilikuita mwizi. Nisamehe. Rudi kazini kesho." Akanigeukia. "Wewe unapata onyo la maandishi. Ulipige chapa mwenyewe." Nikalipiga. Nilikosea herufi mbili, akanirudisha nikapige upya. "Na utakwenda Dutwa," akaongeza, "ukawaambie wote waliosikia nikimwita mwizi kwenye simu kwamba kosa ni lako."

Nilikwenda na basi la asubuhi. Nilisema mbele ya Shija, mbele ya wapagazi, na mbele ya wakulima waliokuwa kwenye foleni. Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo binti ndiye aliyetufungia?" Nikasema ndiyo. Akaniambia nimshikie ng'ombe wake basi, nilipe. Nikashika.

Baadaye nikampigia magoti Mzee Ng'wandu, nikamsalimia upya kama inavyopasa. Alikaa juu ya furushi, akanipa nafasi nikae.

"Heshima ulinipa, mayu," akasema. "Ila uliiweka mahali pa funguo."

"Guku, nilitaka usione vibaya."

"Niliona vibaya. Kuona vibaya hakuui. Ungekuja ukaniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Kazi yangu inahitaji nini."

Nilikuwa nimepanga makundi ya kampuni nzima na sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja swali hilo. Nikamuuliza siku ile. Nilikaa naye mpaka mchana, namtazama anavyochomoa mbegu, na nikaona kitu ambacho kwenye mchoro wangu hakikuwepo. Mkaguzi akikuta maji, hakuwa na la kufanya zaidi ya kuandika fifi, na msimamizi mwenye haraka anathibitisha, na mzigo unaondoka. Mzee hakuhitaji kufunga kituo. Alihitaji kuusimamisha mzigo mmoja, mpaka ukaanikwe.

Nikampigia Respi. Ilichukua wiki mbili, na Meneja akatia sahihi. Ikatengenezwa ruhusa mpya, Simamisha Mzigo, nikaiunganisha na kundi la Wakaguzi. Kundi zima, wa Dutwa, wa Mwanhuzi, wa kila kituo. Safari hii nilijaribu nikiwa Dutwa, kwenye mashine yao, Mzee mwenyewe akiwa ameingia kwa jina lake, na mimi nimegeuka ukutani nisione dume lake la kwanza. Kitufe kimoja kipya kikatokea, cha Funga Kituo hakikutokea. Mchoro wa korido niliubandua. Nikaandika orodha ya kawaida, makundi kwa majina ya kazi, na ndani ya kila kundi aliyezaliwa kwanza akaandikwa kwanza. Hilo mfumo haukulijua, wala halikuuhusu. Lilituhusu sisi.

Misimu ikapita. Mwaka mmoja, vituo vilipokwisha kufungwa, Mzee Ng'wandu alikuja ofisini na shati la kanisani.

"Mwadila, mayu," akatoa salamu ya alasiri. "Nimekuja unitoe."

"Nikutoe wapi?"

"Kwenye daftari. Meno yamekwisha, mbegu sizisikii tena. Barua nimeshampa Meneja. Nataka kuona ukinitoa."

"Guku, hiyo naifanya hata usipokuwepo. Nenda ukapumzike."

"Nataka kuona."

Nikamvutia kiti, kwa wakati huo tulikuwa navyo viwili. Nikafungua kundi la Wakaguzi. Jina lake lilikuwa la kwanza. Akauliza yule atakayekuja baada yake, binti kutoka Mwanhuzi, atapewa kile kitufe cha kusimamisha? Nikamwambia hahitaji kupewa, akiingia kundini atakikuta. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

Nilipobofya kumtoa, mfumo ukafungua kisanduku, kama ulivyofanya kwa kila mtu, ukataka sababu. Nikaandika. Yeye akasogea karibu, akaweka kidole kwenye kioo, akakipitisha chini ya kila herufi, taratibu, midomo ikicheza. A-me-sta-a-fu. Kidole kiliacha mstari wa vumbi.

"Ndivyo itakavyobaki humo?"

"Ndivyo, guku. Hata mimi nikiondoka."

Akaisoma mara ya pili.

"Basi bonyeza."